Kikombe cha wa Juu

Kisima chetu kilikauka, ikabidi kiongezwe kina. Mchimbaji alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Fundi wa winchi alikuwa mwanangu wa kumzaa, ambaye maneno aliyonyimwa mwenzake alipewa yeye yote. Mimi nilikuwa mwenye kisima, yaani mtu wa kukaa kwenye kigoda na kulalamika.

Mwanangu alitengeneza winchi mbili za umeme, pacha, za kupandisha mtu na ndoo kwa kamba. Ya kwanza ilichukuliwa asubuhi ya siku ya kuchimba na wachimbaji wa ng'ambo ya bonde. Ya pili ndiyo ikawa yetu.

Alizijenga wiki nzima juu ya meza yangu ya chakula, na kwa kuwa sikuwa na pa kuweka sahani, nikawa namchosha kwa maswali. Ndivyo nilivyojua kwamba mota haiungwi na betri moja kwa moja. Katikati zipo transista mbili, ya chini na ya juu, zinazofungua na kufunga umeme kwa zamu.

"Huyu wa chini hana shida," aliniambia. "Amesimama ardhini, anachohitaji kipo karibu. Wa juu amesimama kwenye waya wa mota wenyewe. Akifungua, waya unapanda naye mpaka kimo cha betri. Ili abaki wazi, anataka umeme unaozidi hata huo wa betri."

"Utautoa wapi, mbinguni?"

"Nimempa kikombe." Akanionyesha kapasita, kijipipa cha buluu cha kuwekea umeme. "Wa chini akifungua, kikombe kinajazwa. Akifunga, wa juu anapanda na kikombe chake, anakunywa humo humo. Wanapokezana mara elfu nyingi kwa sekunde."

"Kumbe wa juu hapati tone mpaka wa chini afungue. Kama marehemu baba yako na kabati langu la sukari."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na ukiizungusha ile swichi ya mwendo mpaka mwisho?"

"Hapo wa juu hafungi tena. Mota inapata nguvu zote."

"Sasa anakunywa saa ngapi?"

Akacheka. "Nimeweka kikombe kikubwa, mama. Usimwonee huruma."

Akaijaribu mbele yangu. Mfuko wa mchanga ulitoka sakafuni mpaka dirishani, swichi ikiwa mwisho, moja, mbili, tatu, umefika. Nami nikampigia makofi. Hilo la makofi silisahau.

Mchana ule mkwe alishushwa polepole, akachimba, akajaza ndoo, akavuta kamba mara mbili kuomba apandishwe. Yuko pima kumi na mbili chini, mawe matupu. Mwanangu akazungusha swichi mpaka mwisho.

Mota ikaimba. Kamba ikaja vizuri, nami nikainama kwenye mdomo wa kisima nikasema, "Mkwe, ukifika juu usiniangalie usoni, nina tongotongo."

"Nimesikia, mama," ikajibu sauti kutoka gizani. Kwake hicho ni kicheko.

Kisha wimbo ukashuka. Haukukatika, ulizama tu, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno. Kamba ikapunguza mwendo. Kutoka kwenye boksi la transista ikaja harufu, tamu na mbaya.

"Betri," mwanangu akasema. "Betri imechoka." Akaikaza swichi iliyokwisha kufika mwisho, kana kwamba kuna mwisho mwingine nyuma yake.

Kamba ikasimama. Kisha ngoma ya winchi, ile inayoviringa kamba, ikaanza kurudi nyuma, kidogo, kidogo.

"Fundi," mkwe akaita kutoka chini, taratibu kabisa. "Mbona nashuka?"

Mwanangu alikuwa ameikumbatia betri, anapapasa nyaya. Mimi nikatazama ule mkono wa swichi. Kutoka sakafuni mpaka dirishani ni hesabu ya tatu. Kutoka pima kumi na mbili ni hesabu ya zaidi ya arobaini, na wa juu amefungua muda wote huo bila kumpisha mwenzake. Kikombe kimekauka. Amebaki nusu wazi, anaungua.

Nikairudisha swichi nyuma, upana wa kidole, wa chini apate zamu.

"Mama, usiguse."

"Mwache anywe."

Ngoma ikasita. Wimbo ukarudi, mnyonge kuliko mwanzo, lakini ukarudi. Kamba ikapanda. Ikapanda mpaka kofia ya mkwe ikatokea, kisha mabega, kisha yeye mzima akiwa amekaa kwenye udongo kando ya kisima, anatazama viganja vyake.

"Mota yako ina mawazo mengi, shemeji," akasema.

Mwanangu alikuwa anatazama upande wa bonde.

"Uliwaambiaje wale wa ng'ambo?" nikamuuliza.

"Niliwaambia wakiwa na mtu, wazungushe mpaka mwisho. Ili asikae sana hewani."

Akarukia pikipiki, akanitupia simu. Nikawapigia wachimbaji wale. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena, pikipiki ikiwa imeshamezwa na mteremko. Mara ya nne mtu akapokea, nikajitambulisha, na nyuma yake mota inaimba, sauti ile ile.

"Bibi, mwambie mwanao asante. Winchi inavuta vizuri sana."

"Kuna mtu kwenye kamba?"

"Yupo, anapanda. Tumezungusha mpaka mwisho, kama alivyosema."

"Irudishe nyuma. Kidogo tu, upana wa kidole."

"Unasemaje, bibi? Kelele."

"Irudishe nyuma."

Nikaukandamiza mkono juu ya sikio la pili, nikasikiliza. Wimbo wa mota ukaanza kushuka. Mota hushuka hivyo swichi ikirudishwa. Na hushuka hivyo hivyo wa juu akiishiwa. Mkwe akanisogelea, akainamisha kichwa karibu na simu, tukabaki tunasubiri kusikia kama wimbo utapanda tena.