Jina la Kipkurui Liko Kazini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ombati aliwasha birika ya umeme katika ofisi ya kompyuta ya kiwanda cha chai, upande wa Kimulot, akasuuza vikombe viwili, kisha akamvutia Kipkurui kiti. Kipkurui alikuwa amekufa wiki tisa zilizopita. Aliingia na suti yake ya kahawia, ile aliyozikwa nayo, akapangusa udongo wa viatu kwenye gunia la mlangoni, akachomeka simu yake kwenye chaja ya Ombati. Chai hakunywa. Ombati alimmiminia hata hivyo, kwa sababu kwao Kisii mgeni hakalishwi mbele ya meza tupu, na hakuona sababu ya kubadilisha tabia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Kiwanda kilikuwa na programu ya kupanga kazi. Kila asubuhi ndiyo iliyoamua lori gani liende kituo gani kuchukua majani, na lifike saa ngapi. Programu ilikaa hapo kiwandani, lakini hesabu zake zilifanywa na kompyuta za kukodi zilizoko ng'ambo, zile watu huita klaudi. Na klaudi haimfungulii mtu ovyo. Iliuliza jina, ikauliza paswadi, halafu ikatuma nambari sita kwenye simu ya mwenye jina. Kipkurui aliandika jina lake na paswadi yake, akasoma nambari sita kwa sauti, akazibonyeza. Alama kwenye skrini ikawa ya kijani. Akachomoa simu, akaenda zake. Askari wa getini alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba mzee huyo anaandikisha kuingia lakini haandikishi kutoka.

Usifikiri kulikuwa na uchawi. Kulikuwa na uvivu. Miaka miwili nyuma, Kipkurui alipokuwa akiunganisha programu na klaudi, alitaka kutengeneza jina lisilo la mtu yeyote, jina la mashine, lenye ufunguo wake lenyewe. Ni kazi ya dakika arobaini. Lakini meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, malori yamewashwa injini, akamwambia, "Weka yako tu. Tutabadilisha baadaye." Hiyo baadaye bado iko njiani. Na mtu akiitwa jina lake kila siku asubuhi, ataitika tu, popote alipo.

Alipoanza kuumwa kifua aliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Aliomba mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa kwamba hakuna wa kumshikia kazi, kwa kuwa koneksheni ya programu na klaudi ni yake. Alipelekwa wakati hawezi tena kusimama. Wodini simu ililala chini ya mto. Kila asubuhi Ombati alipiga kutoka ofisini, Kipkurui akasoma nambari kwa kunong'ona, naye Rodah, mke wake, aliinamisha sikio kwenye mdomo wa mumewe, akazirudia nambari moja moja kwa simu. Siku ya mwisho Kipkurui alizitaja zote sita. Rodah akazipeleka. Aliporudisha sikio asikie kama kuna neno lake yeye, hakukuwa na neno. Miaka thelathini na moja ya ndoa, jameni, na maneno ya mwisho yakawa ya malori. Nambari hizo Rodah anazijua mpaka leo, na hajui azifanyie nini. Simu ilibaki kwenye mfuko wa koti, hakuna aliyekumbuka kuitoa, ikazikwa naye.

Sasa, Alhamisi ya wiki hiyo ya tisa, Fancy alijifungua. Fancy ni mke wa Kiptum, kijana wa Rodah anayeuza maziwa Sotik. Mtoto alikuwa mvulana, mwenye masikio makubwa ya babu yake. Ijumaa akina mama walikusanyika kumtafutia jina, kama wanavyotafutiwa watoto wote wa Kipsigis, wa kanisani na wasio wa kanisani. Chepyegon, dada mkubwa wa Kipkurui, alimsogezea mtoto ugoro kidogo puani na kuanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto atampigia chafya, ndiye aliyerudi. Chepyegon aliwaita wa zamani, akateremka, akamfikia kaka yake. Aliita jina la Kipkurui mara nne. Mtoto alikunja pua, akangoja, pua ikakunjuka. Akaita wengine wote mpaka akawamaliza. Hakuna chafya.

"Huyu anamtaka Kipkurui," Chepyegon akasema, akifunga kikopo cha ugoro. "Na Kipkurui yuko kazini."

Na bila jina mtoto hakutaka kunyonya. Fancy alimweka mtoto kwenye titi, na mtoto akalitazama tu. Jumapili mchungaji alikuja akaomba, akasema kwa upande wake hana pingamizi, ila kampuni iambiwe. Kwenye zahanati walimpima mtoto, wakaandika kwa kitabu kwamba hana ugonjwa wowote na kwamba uzito unashuka.

Jumatatu Rodah alivaa kitambaa chake cha kanisa, akaanza kushuka kiwandani kabla ya saa kumi na mbili. Tangu mazishi alikuwa hajamwona mumewe uso kwa uso. Kila asubuhi Kipkurui alitoka kaburini, kule chini kwenye mpaka wa shamba, akapita nyuma ya boma la ng'ombe moja kwa moja hadi barabarani. Rodah aliziona nyayo kwenye umande, mara moja moja aliuona mgongo. Hakumwita hata siku moja. Mtu anayekimbilia kazi huwa hacheleweshwi.

Alimkuta amekaa mbele ya skrini.

"Kipkurui," akasema. "Kuna mtoto nyumbani. Wa Kiptum. Anakungoja."

Kipkurui aliinua macho. Yalikuwa macho yake yaleyale. Alifungua mdomo amjibu mkewe, zikatoka nambari sita. Akajaribu tena, zikatoka nambari zilezile. Ombati aligeuka akatazama dirishani.

Ombati alimpeleka Rodah kwa meneja, naye aliwapokea vizuri. Hakuwa mtu mbaya, hapana, na hilo ndilo linaloniudhi. Alimwambia Rodah aketi, akampa pole ya msiba kwa mara ya pili.

"Mama Kiptum, hiyo koneksheni haiwezi guzwa saa hii," akasema. "Majani ni mengi. Tukiiguza na ikatae, yataoza kwa vituo vyote mpaka huko Sotik. Kuna fomu ya mabadiliko. Inaenda Nairobi, na kikao ni Jumanne ya wiki ijayo."

"Mtoto hanyonyi."

"Pole sana, mama."

"Mlikuja kumzika," Rodah akasema. "Mlikuja na basi ya kampuni. Mkala wali. Sasa mnamwita kazini aje?"

Meneja alisema ni kweli, na kwamba hata yeye inamuuma. Fomu ilitakiwa kusainiwa na mwenye koneksheni. Ombati akaipeleka kwa Kipkurui, aliyekuwa bado mbele ya skrini, naye akaisaini haraka sana, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha ikawekwa kwenye trei pamoja na nyingine.

Ombati alimsindikiza Rodah mpaka getini.

"Mama, mimi naweza kuibadilisha," akasema kwa sauti ya chini. "Ni dakika arobaini tu. Lakini nikiguza bila ruhusa, kesho niko nje."

"Uko na watoto?"

"Watatu."

"Wako na majina?"

"Ndiyo, mama."

Rodah alikaza fundo la kitambaa chake. Hakuwa na hasira naye, na hilo lilimchoma Ombati kuliko matusi.

"Basi rudi kazini," akamwambia.

Wiki ilienda. Kila asubuhi nyayo zilipita nyuma ya boma zikielekea barabarani, sasa zikiwa za mtu anayekaribia kukimbia, na kurudi vilevile. Kila jioni Chepyegon alianza orodha upya kutoka juu, sauti imekauka, akifika kwa kaka yake anaita, anangoja, anaita tena. Fancy alikamua maziwa yake kwenye kikombe na kumdondoshea mtoto kwa kijiko, nayo yakatiririkia shingoni. Jumamosi mchana, mvua ikinyesha, mtoto alikunja pua kwa mara ya mwisho, na haikukunjuka. Kiptum alichimba kaburi mwenyewe, karibu na la baba yake. Halikuhitaji muda. Fundi aliyetengeneza msalaba aliuliza aandike nini, akaambiwa aandike "Mtoto wa Fancy." Fancy alilia mpaka wanawake wakaacha kumnyamazisha.

Jumanne kikao cha Nairobi kilikubali fomu. Ilikuwa ya saba kati ya kumi na mbili, na ilichukua dakika tatu. Mchana huo Ombati aliketi kuondoa jina la Kipkurui kwenye koneksheni, machozi yakimdondokea kwenye kibodi, akiyapangusa kwa mkono wa sweta. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Ikajulikana kwamba jina la mashine linataka fomu nyingine.

"Weka yako tu kwa sasa," meneja akasema.

Ombati akaweka lake. Alama ikawa ya kijani.

Jumatano, kwenye saa kumi na mbili na robo, Rodah alikuwa akikamua ng'ombe aliposikia viatu vikipanguswa mlangoni. Kipkurui alikuwa amekuja nyumbani. Alisimama chini ya paa, suti imelowa umande, anahema.

"Nimeachiliwa," akasema. Sauti ilikuwa yake. "Yuko wapi?"

Rodah aliweka ndoo chini. Alitaka kumpiga ngumi, alitaka kumshika. Akamwambia: Jumamosi, mchana, mvua ikinyesha.

Kipkurui alikaa kwenye benchi, akaiweka simu kando yake. Alikaa hapo mpaka ng'ombe akaanza kulia, kwa kuwa alikuwa hajamalizwa.

"Basi nitamfuata huko," akasema hatimaye. "Huko ni kukubwa, Rodah. Watoto ni wengi. Nitamwita nani?"

Rodah alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho mkononi sasa hivi. Hakuwa na jina la kumpa.

"Ako na masikio yako," akamwambia.

Kipkurui aliitikia kwa kichwa, akasimama, akashuka shambani kati ya mistari ya chai, polepole, akigeuza kichwa huku na huku. Rodah alirudi kwa ng'ombe. Lori la majani lilipita barabarani saa moja kasoro dakika tano, kwa wakati wake, likaelekea kituoni.