Jina la Misa Limebaki Pale Pale

Jumapili hiyo Leticia alibonyeza rimoti kwenye neno MISA, na mabaunsa wawili wa mieleka wakajaa kwenye TV ya mama mkwe wake.

Wanajumuiya walikuwa wameshakaa mikekani. Mama mkwe huyo, Bi Kandida, alivunjika nyonga msimu wa kupanda mpunga. Kanisani hafiki tena, misa yake ni hii ya kwenye king'amuzi. Fridolin, mwenyekiti wa jumuiya, akakohoa.

"Leo padri ana misuli," akasema. Wanawake wakaficha nyuso kwenye khanga.

Leticia hakucheka. Majina ya stesheni yalimchanganya mkwewe, ndipo yeye, kwa alichokiokota darasa la kompyuta la jioni, akatengeneza faili lake la majina: masafa haya yaitwe MISA, yale HABARI, yale KATUNI. Akalipakia kwenye king'amuzi kwa flashi, na nusu ya mtaa ikaomba lilo hilo. Kumbe stesheni huhama bila kuaga, na anayeingia kwenye masafa yao hurithi kibao cha mlangoni. Kila akirekebisha, wanahama tena. Kutwanga maji kwenye kinu. Jumamosi ndiyo siku yake ya kukagua, lakini jana mtoto wake mchanga alishinda na homa.

Akatafuta stesheni upya, mtoto akimvuta blauzi. Orodha ikajaa, na king'amuzi kikabandika majina yake yale yale ya zamani juu ya wageni. Kwenye KATUNI mtu anauza mafuta ya nywele. Akatafuta tena, yale yale. Fridolin akauliza kama waanze rozari tu.

"Acha, mwanangu," Bi Kandida akasema taratibu. "Nimeshakuwa mzigo mpaka kwenye TV."

Neno hilo likamchoma Leticia kuliko kicheko. Akalifuta faili lote, kazi ya miezi, akaanza kufungua stesheni moja baada ya nyingine, midomo ameibana.

Alipoipata, padri alikuwa ameinua mkono kutoa baraka ya mwisho. Bi Kandida akapiga ishara ya msalaba. Watu wakaanza kuinuka, wakikunja mikeka.

"Leo nimepata mkia," akasema bibi. "Jumapili ijayo nataka na kichwa chake."

"Utakipata, mama."

Hakuwa na hakika. Akamweka mtoto kwenye titi, akavuta kompyuta, akaanza kuandika masafa mapya, bado ana hasira.