Folda ya Mzee Kofia

Mdogo wangu alikuwa anasafiri jioni ile kwenda masomoni, na hatukujua atarudi lini. Mimi bado nilikuwa nimeganda ofisini, natazama maandishi mekundu kwenye kioo cha kompyuta: folda ya msimbo haionekani. Bosi alikwisha sema sitoki mpaka programu ijengeke kwenye seva mpya, kompyuta kuu ya ofisi. Miguu yangu haikutulia chini ya meza.

"Kwangu inajengeka," alisema Kipara, jirani yangu wa meza, bila hata kugeuka.

"Kwako, kwako! Seva si kwako!"

Nikaanza kufukua. Programu yetu ina maelfu ya faili, na mfumo wa kuijenga lazima uambiwe msimbo, yaani maandishi ya programu, uko wapi. Mwenye akili timamu huihesabu njia kuanzia shina la mradi, yaani folda yake kuu, ili mradi ukihamishwa, njia isipotee. Mzee Kofia, aliyeuanzisha na kustaafu zamani, aliandika njia nzima ya kompyuta yake mwenyewe, hadi folda yenye jina lake. Kaiandika kila mahali. Sasa kwa wengine ilijengekaje?

Kipara akacheka. "Sote tuna folda ya Kofia. Mtu akiajiriwa anatengenezewa kwenye kompyuta yake, msimbo unawekwa humo, yamekwisha. Hata wewe unayo."

Nikatazama. Kweli ninayo.

Hasira zikanipanda. "Watu wazima na ndevu zenu! Mzee kaondoka, ninyi bado mnamtandikia kitanda! Hakuna hata mmoja aliyerekebisha?"

"Nilianza. Mwanangu akashikwa na homa, nikasema kesho."

"Mimi ilikuwa harusi ya dada'ngu," akadakia binti anayejaribu programu, yule wa dirishani.

"Visingizio! Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Nikaanza kubadili njia, faili baada ya faili. Nikiziba hapa, panavuja pale. Jua lilikuwa linashuka simu ilipolia.

"Dada, uko wapi? Mama ananiuliza kila dakika."

"Nakuja."

"Utawahi kweli?"

Ilikuwa sauti ya yule mtoto niliyembeba mgongoni. Roho ikaniuma. Nikafuta mabadiliko yangu yote, nikatengeneza folda ya Kofia kwenye seva mpya, nikamwaga msimbo humo. Nikasubiri nimesimama, mkoba begani. Maandishi ya kijani yalipotokea, kwamba programu imejengeka, nilikuwa nimeshafika mlangoni. Kipara hakunitania, na hilo lilinikera zaidi.

Stendi nilimkuta mdogo wangu kashika mlango wa basi, mguu mmoja chini, konda anamfokea apande. Tukakumbatiana. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kumrekebisha kola ya shati.

"Hata jasho hujafuta," akasema, akicheka huku macho yamemjaa. "Kazi umeimaliza lakini?"

"Kesho," nikamjibu, nikamsikia Kipara kinywani mwangu.