Mfuko wa Shati la Buluu

Mashine ya uchapaji ya Verlene Mabry waliivunja Jumapili, watu wakiwa kanisani. Waliingia kwa mlango wa mbele, maana katika Harlow Bend, Alabama, kiangazi kile cha 1951, mzungu hakuwa na sababu ya kunyemelea. Wakaiponda kwa nyundo, wakamwaga wino kitandani. Juu ya mto waliacha nakala ya gazeti lake, imekunjwa vizuri, kana kwamba mtu amemaliza kuisoma.

Toleo lile lilikuwa bado halijatoka. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Ozella Tarrant, mpishi, aliyebakwa na Royce Haddow nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao cha babake Haddow. Ozella aliyasema yote mbele ya baraza la mahakama, lile la kuamua kama kuna kesi, wanaume weupe peke yao, mlango umefungwa. Yeye wakamwita Ozella, jina tupu, kama wanavyomwita mbwa. Haddow wakamwita Bwana. Mfuko wa shati aliomnyofoa Haddow wakati wa kupigana naye aliuweka mezani, mbele ya macho yao. Mfuko ukapotea. Wakasema hakuna kesi. Jaji Crandall akaamuru gazeti lolote lisithubutu kuandika yaliyosemwa mle ndani. Na sasa Royce Haddow alikuwa anakwenda kuapishwa naibu sherifu, katika chumba kile kile.

"Acha tu, Dada Verlene," Ozella alimwambia, wamepiga magoti wakiokota vipande. "Wamekuharibia nyumba kwa ajili yangu."

"Unataka niache?"

Ozella aliokota herufi moja ya chapa, ya madini ya risasi, akaifuta kwa aproni. "Nataka mama yake asome. Nimempikia yule mama tangu Royce ananyonya. Nataka asome, halafu anitazame usoni."

Verlene akaenda kwa Cleophus Battle, mwenye nyumba ya mazishi ya weusi. Battle alikuwa na kimashine chake cha kuchapia mapepeo, yale ya kujipepea, ya karatasi ngumu yenye mpini wa kijiti: mbele mwanakondoo mweupe, nyuma jina la biashara. Hakuna kanisa lao lililokosa mapepeo ya Battle, wala roshani ya mahakama, walikokaa weusi.

"Hapana," Battle alisema Verlene alipomaliza kueleza alichotaka Ozella, kabla hata hajaketi. "Kazi yangu kuzika watu, Dada. Sitaki kuanza na wewe."

"Ungenipa jeneza zuri?"

"La msonobari. Bado ungenilalamikia."

"Hebu niambie, Kaka Battle. Wanaoletwa hapa, vyeti vya kifo vinasema wameanguka ngazini. Ngazi gani hizi za mji huu, zinazowaangusha wanawake weusi tu?"

Battle alitazama mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyowafunga vifungo wale wanawake mpaka kidevuni.

"Kola ndefu," alisema mwishowe. "Kola ndefu, mwezi wa Agosti, ili mama zao wasione shingo." Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha mashine. "Mwanakondoo abaki mbele. Nyuma andika utakacho. Ila siku ya kiapo mapepeo yatabaki huko juu kwetu, na mama yake Royce anakaa chini."

"Wewe yalete tu. Lini umeona tumeshika kitu kizuri wakatuachia?"

Siku ya kiapo jua lilikuwa kali hata rangi ya madirisha ikawa inanata. Roshani nzima ilipepea, wanakondoo weupe wakienda huku na huku. Chini, mabibi wa kizungu walijipangusa kwa leso na kutazama juu. Haikuchukua muda, Pruitt, askari wa mahakama, akapanda ngazi akihema.

"Mabibi wanaungua kule. Leteni hayo." Hakuomba. Alipita akiwapokonya mikononi. "Na lako, shangazi," alimwambia Verlene, kama wazungu walivyowaita wanawake weusi wote, na Verlene akaliachia taratibu, kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Bi Lavinia Haddow alipata la Ozella mwenyewe. Akajipepea, akimtazama mwanawe kwa fahari, Royce mkono juu ya Biblia. Kisha akaligeuza.

*Bi Ozella Tarrant aliapa: Royce alinivuta nyuma ya kiwanda, akanibaka. Nilimnyofoa mfuko wa shati lake la buluu. Umetariziwa R.H. kwa uzi wa kijani, na mguu wa R umepinda.*

Pepeo likasimama.

"Royce," Bi Lavinia alisema, kwa sauti ile ya mezani nyumbani kwake, "si uliniambia mfuko ule ulinaswa na msumeno?"

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilishatoka, na chumba kizima kilikuwa kimelisikia. Mabibi wakaanza kugeuza mapepeo yao. Mke wa mchungaji akasoma, akasogea pembeni ya benchi, mbali na Bi Lavinia. Mkono wa Royce uliteleza kutoka kwenye Biblia ukabaki unaning'inia.

Jaji aligonga nyundo. "Nani kaandika uchafu huu?"

Verlene alisimama. "Mimi."

"Verlene, amri yangu unaijua—"

"Bi Mabry. Na amri yako ilisema gazeti, Mheshimiwa. Hilo ni pepeo."

"Pruitt, mtie ndani."

Bi Lavinia aliinua macho kwenye roshani. Ozella alikuwa amesimama pale ukingoni, mikono juu ya mbao, akiusubiri uso ule. Alimtazama bila kupepesa, mpaka yule mama akainamisha kichwa.

Pruitt alikuwa bado ngazini. Verlene alichomoa penseli kwenye nywele, akalichukua pepeo lililobaki mapajani mwa Battle, akaandika haraka: *Lavinia, mama wa Royce, alisema mbele ya mahakama kwamba mfuko ule anaujua.*

Battle alisoma begani kwake. "Hujaweka Bi."

"Naona," alisema Verlene, akimkabidhi. "Chapa hivyo hivyo."