Mheshimiwa wa Sahani Mbili

Ndugu yangu Ahmada alikuja Birmingham kwa harusi ya binti yangu Zainab, akakusudia kukaa siku chache tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililiweka tayari, maana nyumba yangu ya Nechells ina choo kimoja, na Mheshimiwa akiingia msalani hufanya mazoezi ya hotuba. Lakini hakuachiwa kuondoka, na waliomshika mguu ndio wale wale waliokuwa wakimhitaji awahi kurudi nyumbani.

Kwetu ni kisiwa kidogo chenye Baraza lake. Wajumbe kumi ni wa Mnara, chama cha serikali, na kumi ni wa Nanga, wapinzani. Wa ishirini na moja ni Ahmada, mgombea binafsi. Spika ameletwa na serikali naye hapigi kura, ila zikilingana yeye ndiye mwamuzi, na mtoto mdogo anajua ataamua vipi.

Ahmada aliingiaje humo? Kijijini kwetu Kitongani siasa iliingia mpaka makaburini. Akifa mtu wa Mnara, watu wa Nanga hawendi kuzika. Akifa mtu wa Nanga, wa Mnara wanafunga milango yao. Ahmada, wakati huo mwalimu wa shule, alikwenda kote. Alibeba jeneza la huyu asubuhi na la yule alasiri, akala wali wa matanga kwa wote wawili. Basi uchaguzi ulipokuja, kila upande ulisema bora huyu kuliko wale. Miaka ishirini amekaa Barazani kwenye kiti cha karibu na mlango, hana chama cha kumpa gari wala cha kumpa amri. Kazi yake imesimama juu ya jambo moja tu: akila kwa huyu, lazima ale na kwa yule. Akinywa chai kwa Mnara, jua halitui kabla hajanywa kwa Nanga. Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia wenzako wana sera, wewe una tumbo.

Safari hii mswada ulikuwa unamngoja. Serikali ilitaka kuikodisha pwani yote ya Kitongani kwa kampuni ya mahoteli kwa miaka tisini na tisa, na wanakijiji wahamishiwe ndani ya kisiwa, kwenye mawe matupu. Kura ingepigwa Jumatatu. Ahmada aliapa msikitini kwamba ataupinga, na kura yake moja juu ya zile kumi za Nanga ilitosha kuuangusha. Nyumba ya mama yetu iko pale, na kaburi lake liko nyuma ya kisima. Mimi nafanya kazi ya kufunga mikate kiwandani, na kinachoniamsha asubuhi na baridi hii ni kujua kwamba siku moja nitarudi kukaa katika nyumba ile. Kwa hiyo msidhani nasimulia siasa. Nasimulia nyumba ya mama yangu.

Watu wetu wa hapa walihama na kila kitu, na vyama vyao pia. Wa Mnara wamejazana huku Nechells na Aston, wa Nanga wako Tyseley, na kualikana hakuna. Harusi ilipokwisha, Mzee Amour, mkubwa wa Mnara hapa mjini, akamwalika Ahmada chakula cha mchana Jumatano. Akaenda. Papo hapo Bi Habibo wa Nanga akamwalika Alhamisi, siku ya safari yake. Ahmada akaisogeza tiketi mpaka Jumamosi, akaenda. Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, Mubarik, mkwe wa Amour, akamshika mkono mbele ya watu. Alisema pale kwake ni hatua mbili, hata sahani moja, Mheshimiwa. Ahmada hajui kumnyima mtu mkono wake. Akala.

Sijui kama Amour alipanga. Nadhani alipanga. Picha za Ahmada kwenye busati la Mubarik zilifika Kitongani kabla hajanawa mikono.

Jioni ile Bi Habibo akanipigia simu.

“Bi Nunu, kesho chakula kwetu.”

“Bi Habibo, kesho ana flight saa kumi. Anakwenda kuwapigieni kura nyinyi. Msameheni.”

“Tumsamehe vipi, na picha zishafika nyumbani? Kala kwa Mnara mara mbili, kwetu mara moja. Watu wanasema keshanunuliwa. Wanataka kumuona kwenye busati letu.”

“Wataiona kura yake Jumatatu.”

“Na sisi hapa tutaonekana nini? Watu wasiokuwa na sahani ya pili? Aje ale, halafu ende zake. Saa sita tu, mapema.”

Zainab alikuwa amekuja na mumewe kunisalimia, akayasikia yote. “Mum, just tell them no,” akaniambia. “He's going home to vote for them.” Mwanangu kazaliwa hapa. Kiswahili anakifahamu, mialiko haifahamu.

Nikataka kumwambia Bi Habibo kwamba Mheshimiwa anaumwa tumbo, na uongo huo ulishafika kwenye ulimi. Ahmada akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa upole.

“Ntakuja, Bi Habibo. Inshallah.”

Alipokata, nilimkalia kooni. Nilimkumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

“Dada,” akasema, “nikiondoka hapa bila kula kwao, Kitongani nitashuka mtu wa Mnara. Atakayeniamini nani?”

“Hutakiwi kuaminiwa. Unatakiwa kufika.”

“Miaka ishirini sijampa mtu sababu ya kusema nina upande.” Alisema hivyo huku amekaa ukingoni mwa kitanda cha wageni, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikupungua.

Jumamosi tukaenda Tyseley na begi lake ndani ya gari la mkwe wangu. Zainab na mumewe wakabaki garini, gari limeelekea uwanja wa ndege. Saa sita, chakula bado. Shehe wa kuomba dua alikuwa anatoka mji wa Coventry, na barabara imejaa magari. Wanaume walijaa sebuleni, sisi wanawake jikoni. Ahmada alikalishwa mahali pa heshima, na kwetu mahali pa heshima ni kule ndani kabisa, mbali na mlango. Kati yake na viatu vyake palikuwa na magoti ya watu sebule nzima.

Saa saba na nusu shehe akaingia. Saa nane pilau likapakuliwa. Mtu mmoja akasimama kumsifu Mheshimiwa, mwengine akaona hakusifiwa vya kutosha, naye akasimama. Nilikuwa nikichungulia mlangoni. Kila nikimtazama Ahmada, yeye anatazama mlango, na kila akijaribu kuinua goti, mtu anamwongezea nyama.

“Bi Habibo,” nikasema jikoni, “kahawa itoke sasa.”

“Halua haijakatwa.”

“Acha halua.”

“Kwa Amour alipewa halua?”

“Alipewa.”

“Basi.”

Na kabla ya halua na kahawa hakuna aombaye ruhusa, hata nyumba ikiungua. Zainab akanipigia kutoka garini. “Mum, they're closing check-in.” Uwanjani wanafunga kupokea abiria. Nikafanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi: nikasimama kwenye mlango wa wanaume, nikamwita ndugu yangu kwa jina.

“Ahmada, twende.”

Sebule nzima ikanigeukia. Shehe alikuwa amekwisha inua mikono. Ahmada alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba nimtoe mle ndani. Kisha akawatazama wale watu, akainua mikono yake na yeye.

“Dua tu, Dada,” akasema.

Dua ilikuwa ndefu. Iliwaombea watu wa Kitongani, nyumba zao na makaburi yao. Wote tukaitikia amina, na nilitamani kulipindua lile sinia la pilau.

Bi Habibo alitoka na kahawa saa tisa na robo. Nikamwambia ndege imeshafungwa.

“Si atapata nyengine?”

“Nyengine inafika Jumanne.”

Akaweka chini sinia la vikombe. Alisimama pale akikunja ncha ya mtandio wake. Sebuleni walikuwa wanapiga picha.

Jumatatu tulikaa jikoni kwangu, mimi na Ahmada, tukaisikiliza redio ya nyumbani kwenye simu. Alikuwa amevaa koti lake la Barazani. Sikumuuliza kwa nini. Katibu akawaita wajumbe kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu ndiyo au siyo. Jina la Ahmada liliitwa la mwisho. Likaitwa tena. Kisha Katibu akasema hayupo, na mtu Barazani akacheka.

Kumi kwa kumi. Spika hakutaka hata maji ya kunywa, akaamua pale pale.

Nililia. Nilimlilia mama, kwa sababu niliona kama wamemfukuza kutoka ndani ya kaburi lake. Ahmada hakulia. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Simu yake ikalia, akaiweka sauti juu kwa mazoea, maana daima hutaka watu wasikie kwamba hana siri na mtu.

Alikuwa Mzee Amour, na sauti yake imejaa furaha. “Mheshimiwa, kesho chakula cha usiku kwangu. Kuku wa kupaka. Usinambie huji.”

“Inshallah, Mzee wangu,” akasema Ahmada.

Neno lilikuwa limeshamtoka. Akaiweka simu mezani, akafikiri kidogo, akaanza kuhesabu kama alivyozoea.

“Basi keshokutwa,” akasema, “itabidi niende na kwa Bi Habibo.”

“Kwa Bi Habibo hukualikwa,” nikamwambia.