Aluminiamu Haiwi Nyekundu

"Nakuuliza tena, nani alikuambia usubiri iwe nyekundu?"

"Kitu chochote cha chuma ukikipika kinakuwa chekundu," alisema Sixte. "Hata mtoto anajua."

"Hiki si chuma, baba Joséline. Nilikuambia jana, nikakuambia tena asubuhi nikifunga viatu. Aluminiamu haiwi nyekundu. Inakuangalia hivyo hivyo, nyeupe, imetulia, halafu inaanguka."

Ilikuwa imeshaanguka. Tulisimama nyuma ya nyumba yetu pale Shanwe, mimi na mume wangu, tukilitazama jiko la mkaa. Nusu ya kipande ilikuwa bado imelala juu ya jiko. Nusu nyingine ilikuwa imepita katikati ya makaa na kuganda kwenye majivu kama uji uliomwagika.

"Ungefanya mwenyewe basi," alisema. "Wewe ndiye msomi."

"Nilikuwa kazini."

"Kila siku uko kazini."

Mama yake, Apollinarie, alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni anachambua maharage. Warundi mama mkwe humwita mabukwe, na mimi, Mfipa, nilimwita hivyo tangu niolewe. Alimgeukia mjukuu wake akasema kwa sauti ya kutosha sisi kusikia, "Watu wazima wawili wanagombea sufuria moja iliyoungua."

Joséline akacheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Unyayo wa kushoto ulisimama kama unyayo wa mtu yeyote. Wa kulia ulikuwa umeanguka mbele kama kandambili iliyokatika kamba.

Malaria ilimpata mwezi wa kumi, nikiwa vijijini na kazi yangu ya ubibi shamba, kuwashauri wakulima. Homa ilipopanda, mabukwe alimbeba mgongoni mpaka kwa jamaa wa mtaani anayechoma watu sindano chumbani kwake. Kwinini ilichomwa kwenye tako mahali pasipostahili, ikagusa mshipa wa fahamu. Homa ikaondoka, mguu ukalala. Daktari aliniambia mshipa unaweza kuamka baada ya miezi, au baada ya mwaka, au usiamke kabisa. Lakini muda wote huo unyayo lazima ushikwe wima mtoto anapolala. Ukiachwa unaning'inia, kano la nyuma ya kisigino litafupika, na hata mshipa ukija kuamka utakuta unyayo umeshafungwa chini, na hautainuka tena.

Alinichorea banzi la kuushikilia unyayo kwenye kifuniko cha boksi la dawa. Lilikuwa kama herufi L, upana wa kiganja: linapanda nyuma ya shavu la mguu, linakunjika kwenye kisigino, linalala chini ya unyayo. Ya kununua yako Tabora, alisema. Mvua za mwaka huo, wanazoziita El Nino, zilikuwa zimeharibu kila njia, na treni tangu Krismasi ilikuja ilipopenda. Ubao ulikuwa mzito. Bati lilikuwa linapinda lenyewe. Ndipo Sixte akapata vipande viwili vya aluminiamu nene kutoka bodi ya lori lililopinduka njia ya Sumbawanga. Sasa kimebaki kimoja.

"Hiki hakiguswi na mtu," nilisema.

"Nani anakitaka," alisema Sixte. Lakini hakuondoka.

Kazi yenyewe niliijua tangu chuoni, kwenye karakana, tulipokuwa tunarekebisha mikebe ya maziwa. Nilipaka sabuni ya mche mahali pa kukunja, nikasugua mpaka ikaacha utando mweupe. Nikapunguza makaa, nikamwambia Sixte aache kupepea. Nikakishika kipande kwa koleo, nikawa nakipitisha juu ya moto huku na huku, macho yangu kwenye sabuni, siyo kwenye aluminiamu, maana sabuni ndiyo inayosema joto limetosha. Sabuni iligeuka njano, kisha kahawia. Ilipokuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, nikakitoa palepale.

"Tayari?" aliuliza Sixte. "Mbona haijabadilika?"

"Utaona ikikunjwa. Acha ipoe."

Ilipopoa niliibana kwenye ukingo wa benchi, nikaipiga taratibu kwa mchi wa kinu. Ilikunjika bila kulalamika, kama mkanda mpya wa ngozi. Sixte alitazama kona ile, akapitisha kidole ndani na nje akitafuta ufa, hakuupata.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe hivyo."

Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na mimi niliupokea. Tulilivalisha banzi blanketi kuukuu, tukalifunga mguuni kwa vitambaa vya kanga. Joséline alilitazama, akasema sasa yeye ni gari. Alilala nalo usiku, na mchana baada ya kula. Mabukwe ndiye aliyelala naye chumba kimoja, na ndiye aliyemfunga na kumfungua, kwa sababu mimi niliondoka alfajiri na kurudi jioni.

Kila Jumamosi nililipima banzi kwa pembe ya sanduku, kuona kama kona bado imesimama sawasawa. Jumamosi ya kwanza lilikuwa limefunguka kidogo. Nikalirudisha kwa mikono. Iliyofuata limefunguka tena. Nikalirudisha. Sasa, aluminiamu ina tabia hii: ukiilainisha kwa moto inakutii, lakini kila unapoikunja na kuikunjua inakuwa ngumu pale pale, mpaka inagoma. Ikigoma, unarudi kwenye sabuni na makaa. Nililirudisha motoni mara mbili. Nilimwambia Sixte kipande chake ni dhaifu, hakiwezi kushika mguu wa mtoto usiku mmoja. Mara ya tatu niliona ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele.

"Na hiyo nayo mimi nimeiyeyusha?" aliuliza Sixte.

Nililiweka banzi kando. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona ninachokiona: nikimsukuma Joséline unyayo kwa kiganja, haukufika tena pale ulipokuwa unafika zamani. Ulikuwa unagota mapema zaidi.

Siku moja nilikuwa Makanyagio, kwenye kiplot cha mahindi cha mama mmoja, namweleza kwa nini majani yake yamekuwa ya njano. Katikati ya maelezo nikanyamaza. Mguu uliolala hausukumi. Mtoto asiyeweza kuinua kidole gumba amepata wapi nguvu za kukunjua aluminiamu nene vile? Ile ilikuwa inakunjuliwa na mtu. Nilimwambia yule mama nitarudi kesho, nikapanda baiskeli.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Joséline alikuwa amelala kwenye mkeka. Mabukwe alikuwa amekaa pembeni yake, banzi liko mapajani, ameliwekea mikono yote miwili anailazimisha kona ifunguke.

"Mabukwe, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nafungua."

"Umekuwa unafungua kila siku."

"Akishalala. Akiamka nalirudisha, lakini mikono yangu siyo kama yako."

"Ulimpeleka kwa mtu wa sindano," nilisema. "Sasa unataka kumalizia kazi."

Joséline alikuwa ameamka. Alitutazama wote wawili. Mabukwe aliliweka banzi chini polepole.

"Maneno hayo nayasubiri tangu mwezi wa kumi," alisema. "Leo umeyasema, vizuri. Sasa njoo hapa."

Aliuinua mguu wa Joséline akaupumzisha kwenye paja lake, akafungua kitambaa ambacho sikuwa nimewahi kukiulizia. Harufu ya asali ikatoka kwanza, na chini yake harufu nyingine. Kwenye kisigino kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Pembeni kilikuwa kijivu, katikati cheusi.

"Haiumi, mama," alisema Joséline.

"Hasikii," alisema mabukwe. "Chuma kinamla usiku kucha, yeye amelala kama mtu aliyeshiba. Kikifunguka kidogo, kisigino kinapumua. Wewe kila Jumamosi unapima chuma. Mguu huupimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi?" Alinitazama kama vile nimeuliza swali la kipumbavu, na lilikuwa la kipumbavu. "Mimi niliyempeleka kwenye sindano ndiyo nije niseme chuma chako kibaya? Ungenisikiliza?"

Nilichemsha maji.

Sixte alipofika alimkuta mtoto ameshavalishwa gauni. Alikiona kidonda, akakunja uso, akampandisha kwenye keria ya baiskeli bila kuniondolea macho. Hospitali mganga wa zamu alikwangua ile sehemu nyeusi huku Joséline anamsimulia habari za shule, na hilo ndilo lililonitoa machozi, kwamba anasimulia. Mganga alisema kisiguswe na kitu chochote mpaka kifunge. Siyo banzi, siyo kiatu, siyo godoro. Alale na mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikae hewani.

"Mpaka lini?" aliuliza Sixte.

"Ngozi isiyohisi haina haraka. Hesabu miezi. Na kikifika kwenye mfupa tutakuwa tunaongea habari nyingine."

Hakuitaja hiyo habari nyingine. Hatukumwomba aitaje; tulijua ni kukatwa mguu.

Nyumbani tulikuta mabukwe amefunga nguo zake kwenye kanga, fundo liko mlangoni. Alisema anakwenda Katumba kwa mtoto wake mwingine, Nestori. Nilimwambia alifungue fundo lake, kwa sababu mto utaanguka usiku na mimi nikilala huwa sisikii. Alifikiri kidogo, akalirudisha ndani.

Sixte alikuwa ameketi kwenye benchi, banzi mkononi.

"Tutoboe hapa," alisema, akionyesha kona. "Tundu kubwa, kisigino kitokeze nje."

"Hapo ndipo ufa ulipo. Ukitoboa, haibaki kitu cha kushika."

"Basi tumfunge saa chache tu, mchana, tukimwangalia."

"Umemsikia mganga."

"Na wewe ulimsikia daktari wa kwanza." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka kwa sababu ya mtoto. "Ulinieleza mwenyewe. Miezi bila banzi, unyayo unafungwa. Hata mshipa ukiamka. Mama Joséline, huyu ni mtoto wa kike. Atakwenda shuleni anaburuta mguu, atachekwa, atakuwa mkubwa anaburuta mguu. Nani atamtazama?"

Ni yeye aliyeuliza mwanzoni nani anakitaka kipande kile. Sasa alilishika kama mtu anayenyang'anywa.

Nilikaa kwenye mkeka, nikauchukua unyayo wa Joséline kwenye kiganja, mbali na kidonda, nikausukuma juu. Ulikuja, ukagota. Nilisukuma tena, polepole, nikiomba upite. Haukupita. Joséline alikuwa anauangalia mkono wangu kwa makini, kama anavyouangalia mkono wa mwalimu ubaoni.

Nilizunguka kila njia. Ubao ungekaa kwenye kisigino kilekile. Tabora kulikuwa kuzuri kwa wenye treni, na huko nako wangetuambia kidonda kwanza. Kungoja kipone ndipo tuanze tena kulikuwa ni kujidanganya. Mpaka hapo kano lingekuwa limeshamaliza kazi yake. Hapakuwa na njia ya tatu. Unyayo ulioinuka, au kisigino kizima. Nilitafuta kwa bidii mahali pa kupata vyote viwili, na mimi ni mtu wa kutafuta.

"Atachechemea," nilisema.

"Usiseme hivyo mbele yake."

"Namwambia na yeye. Joséline, utachechemea. Mguu utakuwa wako, lakini utachechemea."

"Siku zote?" aliuliza.

"Nadhani siku zote."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa zamu yake ya kuteka maji. Mabukwe alimvutia karibu, akaugeuzia ukutani uso wake mwenyewe.

"Sawa," alisema Sixte. "Sawa. Basi nitaliweka darini. Kidonda kikipona tutaona."

Nilimjua, na nilijijua. Kidonda kingeweka utando kidogo tu wa ngozi, mmoja wetu angepanda juu ya kiti kulichukua. Yeye angesema tumfunge kwa saa moja tu. Mimi ningesema mbili, halafu ningeleta pembe ya sanduku. Na mtoto angetuambia haiumi.

"Nipe," nilisema.

Alinipa. Nilitoka nje, nikaliweka kwenye jiwe la kizingiti, nikakanyaga upande wa unyayo kwa kiatu changu cha kazi, nikashika upande wa juu kwa mikono miwili. Hapakuwa na sabuni wala moto. Nikalikunjua mpaka likanyooka, nikalikunja, nikalikunjua. Lilikuwa gumu, kisha kona ikaanza kupata joto yenyewe chini ya vidole vyangu, na ule ufa ukatembea kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili.

"Mama Joséline," alisema Sixte kutoka mlangoni, taratibu.

Nikalikunja tena, likakatika.