Maini ya Siku ya Tano

Jina la Mama Minyoo hakulipenda, lakini ukilisha minyoo bapa maabarani kwa miaka kumi na tisa, jina litakuja utake usitake. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maji, kuosha visahani na kusaga maini. Shule ilimpita kando. Aliyesoma ni mpwa wake, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Sasa binti huyo alikuwa mwanafunzi mtafiti katika chumba kile kile, akimtuma shangazi yake kwa adabu zote.

Utafiti wenyewe alimweleza jikoni, kwa njiti za kiberiti. Kila seli ina kiunzi chake, kama nyumba ilivyo na nguzo, na kiunzi hicho hujengwa kwa protini. Mnyoo bapa akikatwa kichwa, huota kingine baada ya wiki mbili hivi. Je, protini moja ya kiunzi ikizimwa, kichwa kitaota? Dawa ya kuizima ikachanganywa na maini, wakalishwa minyoo wa kisahani cha kwanza. Wa cha pili wakapewa maini matupu, wawe wa kulinganishia. Kisha wote wakae na njaa siku saba kabla ya kisu, maana mnyoo aliyeshiba akikatwa, vya tumboni humwagika na maji yakaoza.

Siku ya tano mpwa alikuwa kitandani na homa. Mama Minyoo akachungulia visahani. Wale wa kwanza walikuwa wamesinyaa, wembamba kama vipande vya kucha. Mwenye akili zake angewaacha. Yeye alikwisha kulea yatima mmoja, na hakuwahi kuweza kutazama kiumbe kinakonda mbele yake. Akawadondoshea kipande cha maini, akafuta ukingo wa kisahani, akaenda zake.

Wakakatwa siku ya saba. Wa kisahani cha pili wakaanza kuota vichwa. Wa cha kwanza wakafa wote ndani ya siku mbili. Mpwa alimkumbatia shangazi yake kwa furaha: bila protini ile, kidonda hakifungi, mnyoo anakufa! Muda wa masomo ulikuwa umekwisha, hapakuwa na nafasi ya kurudia. Mama Minyoo alinusa maji ya kisahani, akaijua harufu ile ya maini yaliyooza. Ulimi ukamganda, nao ukakaa umeganda wiki tatu, huku binti akiandika na kuimba bafuni.

Asubuhi ya binti kutetea utafiti wake mbele ya walimu, wakiwa kwenye ukumbi wa nje, shangazi alimnyooshea kola, na mikono ikakataa kuiachia.

"Wale wa kisahani cha kwanza niliwalisha," alisema. "Siku ya tano."

"Wa cha kwanza peke yao?"

"Ndio waliokuwa wamekonda."

Mpwa aliitazama ile mikono. Hakupandisha sauti.

"Si ungenyamaza tu, shangazi."

Akaingia. Kupitia mlangoni Mama Minyoo alimsikia akiwaambia walimu kwamba matokeo yake si ya kweli, kwamba minyoo walilishwa kwa makosa. Hakumtaja aliyelisha. Hilo ndilo lililomuuma shangazi kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

Jioni mpwa alirudi na habari kwamba amepewa mwezi mmoja arudie yote tangu mwanzo, ukimshinda, basi. Shangazi alikuwa amemwekea chakula mezani, kimefunikwa. Binti aliketi mbele yake bila kukifunua. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Naomba ufunguo wa friji ya maini," alisema.

Mama Minyoo akauchomoa kwenye shada lake la funguo, akausukuma mezani. Chakula kikapoa pale pale kati yao, na safari hii hakuthubutu kumwambia ale.